Mbegu za Mlimani: Haki ya Kupanda Kilimanjaro, Kutoka Kihamba Hadi Hataza

Mazao manne yanayoulisha mlima Kilimanjaro na kuupa fedha yote yalitoka mbali. Mgomba ulitoka Asia ya Kusini-Mashariki, ukavuka Bahari ya Hindi, ukapokewa pwani na kupandishwa bara hadi ukaota Machame, Kibosho, Marangu na Rombo. Mbuni, ambao asili yake ni misitu ya Ethiopia, ulipita Yemen na kisiwa cha Réunion kabla ya kufika Kilema. Mahindi na maharage yalitoka Amerika. Kila zao lilifika mikononi mwa mtu aliyepewa mbegu na mwenzake, na kila aliyeipokea alikuwa huru kuirudia msimu uliofuata, kuichagua, kuigawa na kuiuza.

Tarehe 22 Novemba 2015 Tanzania ilijiunga na Umoja wa Kimataifa wa Kulinda Aina Mpya za Mimea, unaojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, UPOV. Katika kundi la nchi ambazo Umoja wa Mataifa unazihesabu kuwa na maendeleo duni kabisa, Tanzania ilikuwa ya kwanza kuingia humo. Chini ya mkataba huo aina mpya ya mmea ikishasajiliwa huwa na mwenyewe kwa miaka isiyopungua 20, na ikiwa ni mti au mzabibu, miaka isiyopungua 25. Katika muda huo, kuizalisha mbegu yake kwa ajili ya kuuza, kuitangaza sokoni, kuiuza, kuisafirisha au kuihifadhi ghalani kwa biashara kunahitaji ruhusa ya mwenyewe.

Watu wa Kilimanjaro walishaambiwa zamani kwamba kupanda ni haki ya wengine. Walishindana na kauli hiyo karibu karne moja iliyopita na wakashinda. Ushindi huo una mengi ya kutufundisha leo, kwa kuwa waliodai haki ya kupanda wakati ule ndio waliojenga mji wa Moshi tunaoujua.

Bustani isiyo na hati

Kihamba ni shamba la nyumbani la Wachaga, linalorithiwa kutoka baba hadi mwana, na mara nyingi mababu wamezikwa humo humo. Juu kabisa imesimama miti mirefu ya kivuli na mbao. Chini yake ipo migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi, maharage, mboga na majani ya ng'ombe. Mimea ya masale huonyesha mpaka, na maji huletwa kwa mifereji ya asili, mifongo, iliyochimbwa na koo na kutunzwa kwa zamu. Mwaka 1984 watafiti Fernandes, O'Kting'ati na Maghembe walichapisha uchunguzi wao kuhusu vihamba hivyo na kuorodhesha zaidi ya aina 100 za mimea ndani yake. Baadaye Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi mlimani kwa miaka mingi, alihesabu zaidi ya aina 500 katika ukanda wa vihamba, nyingi kati yake zikiwa za mwituni. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limekiweka kihamba cha Shimbwe Juu katika orodha ya urithi wa kilimo duniani.

Utajiri huu haukutokana na duka. Mgomba hauna mbegu ya kupanda. Huzaliwa kwa chipukizi linalong'olewa kwenye shina la mama na kupelekwa kwenye shimo jipya. Binti akiolewa, kijana akipewa sehemu yake ya kihamba, au jirani akipoteza migomba yake kwa upepo, machipukizi hutoka kwa waliobahatika kwenda kwa wanaohitaji. Kwa njia hiyo mgomba wa aina ya Mchare umesambaa kutoka Siha hadi Rombo na kuvuka hadi Meru na Upare. Pamoja nao zimesambaa ndizi za kupika, za kuivisha, za mtori, na zile zinazochanganywa na ulezi kupata pombe ya mbege.

Thamani ya kazi hiyo inavuka mipaka ya mlima. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba Cavendish, ndizi inayotawala biashara ya dunia, ina undugu wa karibu na Mchare na ndizi wenzake wa pwani na visiwa vya Afrika Mashariki. Hakuna Mchaga aliyelipwa kwa kuutunza Mchare kwa karne kadhaa, na hakuna aliyedai kulipwa. Kilichotarajiwa ni kimoja tu: aliyepewa leo naye atoe kesho.

Utaratibu huo una mantiki ya kilimo ndani yake, mbali na ukarimu. Aina moja ikiliwa na ugonjwa, nyingine hubaki. Mbegu ikipotea kwa huyu, hupatikana kwa yule. Mlima wenye mvua nyingi upande wa kusini na ukavu upande wa kaskazini, wenye baridi juu na joto tambarare, hauwezi kulishwa na aina moja ya mbegu iliyotengenezwa kwa ajili ya kila mahali. Wakulima walizalisha aina zao kwa kuchagua mahali hapo hapo, mwaka baada ya mwaka.

Walowezi na haki ya kuotesha buni

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa na misheni yao Bagamoyo tangu miaka ya 1860, ndio walioleta arabika. Mbegu zao zilitoka Réunion, ambako Wafaransa walikuwa wameotesha kahawa iliyotoka Yemen. Katika muongo wa mwisho wa karne ya 19 miche ilikuwa inaota katika misheni ya Kilema, na kutoka hapo ikaenda Kibosho na kwingineko. Wamangi, yaani watawala wa Kichaga, na waumini wa kwanza walipata miche yao kwenye bustani za misheni, kisha majirani wakaipata kwao. Wakati huo huo walowezi wa Kijerumani, na wa mataifa mengine ya Ulaya, walichukua ardhi ya ukanda wa chini na kufungua mashamba makubwa ya kahawa.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Tanganyika iliingia mikononi mwa Waingereza. Charles Dundas, ofisa wa serikali aliyekuwa Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1920, aliwahimiza Wachaga wapande kahawa kwenye vihamba vyao, nao waliitikia kwa kasi. Hapo walowezi waliamka. Walidai kwamba Mwafrika hawezi kutunza mibuni, kwamba shamba lake litakuwa kitalu cha wadudu na magonjwa, na kwamba wezi wa kahawa watapata mahali pa kuficha mali yao. Hofu nyingine ilikuwa wazi kwa kila mtu: Mchaga mwenye kahawa yake hana sababu ya kwenda kuchuma kahawa ya mzungu kwa ujira mdogo.

Kwa jirani zetu wa Kenya hoja hizo zilishinda. Huko Waafrika walizuiwa kupanda arabika hadi miaka ya 1930, na hata walipofunguliwa mlango, walifunguliwa kidogo kidogo, kwa leseni na katika wilaya chache. Kilimanjaro mambo yalikwenda tofauti kwa sababu wakulima walijipanga mapema. Mwaka 1925 waliunda Kilimanjaro Native Planters Association, KNPA, chama kilichoongozwa na Joseph Merinyo. Chama kilinunua dawa na vifaa vya kupulizia kwa pamoja, kikafundisha wanachama kupambana na wadudu, na kikauza kahawa yao kwa pamoja. Hoja ya walowezi kwamba Mwafrika ataeneza ugonjwa ilijibiwa shambani. Serikali ya Tanganyika haikuwapa walowezi wa Moshi marufuku waliyoitaka.

Mwaka 1933 nafasi ya KNPA ilichukuliwa na Kilimanjaro Native Co-operative Union, KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichokuwa mfano kwa Afrika nzima. Njia haikuwa laini, na mwaka 1937 wakulima waliasi dhidi ya kulazimishwa kuuza kahawa yao kupitia chama pekee. Hata hivyo kahawa ya vihamba ilijenga shule, ilisomesha watoto, na iliuinua mji wa Moshi kuwa makao ya mnada wa kahawa na ya chuo cha ushirika.

Tunasimulia haya kwa sababu madai ya walowezi yalikuwa na umbo tunalolitambua leo. Hawakusema wanataka kuhodhi zao. Walisema wanalinda ubora na kuzuia magonjwa. Ubora na afya ya mimea ni mambo ya kweli, na KNPA iliyashughulikia kwa bidii kuliko walowezi wengi. Swali ni nani anayakabidhiwa, na kwa faida ya nani.

Lyamungu, mbegu iliyolipiwa na wakulima

Mwaka 1934 kituo cha utafiti wa kahawa kilianzishwa Lyamungu, kwenye miteremko ya kusini ya mlima. Watafiti waliichunguza mibuni mama mmoja mmoja, wakapima mavuno yake na kuonja kikombe chake, na kutoka hapo zikapatikana aina mbili ambazo kila mkulima wa kahawa wa kaskazini anazijua: N39 na KP423. Zilisambazwa kwa miche na kwa mbegu. Mkulima aliyezipata aliziotesha tena, akampa shemeji yake, na hakuna aliyekuja kudai mrabaha. Mapato ya kahawa yenyewe ndiyo yaliyolisha utafiti.

Kituo hicho hicho kiliacha alama kwenye maharage. Lyamungu 85 na Lyamungu 90 zilikwenda mbali nje ya mkoa, na sehemu kubwa ya safari yao haikupita dukani. Ilipita kwenye debe la sokoni na kwenye kibaba cha jirani, kwa kuwa haragwe hujichavusha lenyewe na mtoto hufanana na mzazi. Zao la namna hiyo halivutii kampuni, kwa sababu mkulima akinunua mara moja hana haja ya kurudi mwaka wa pili. Ndiyo maana sehemu kubwa ya aina bora za maharage katika nchi yetu zimetoka kwenye vituo vya umma.

Kisha yakaja magonjwa. Chulebuni, ulioonekana Kenya mwaka 1922, uliingia Tanzania mwaka 1964. Unashambulia buni changa, zinakuwa nyeusi na kudondoka kabla hazijakomaa. Pamoja na kutu ya majani, uliwalazimisha wakulima kupulizia dawa za shaba mara kwa mara, na zote mbili, N39 na KP423, hazikuwa na kinga. Ruzuku za dawa zilipoondolewa na biashara ya kahawa kufunguliwa katika miaka ya 1990, wengi waliacha kupulizia. Wengine waling'oa mibuni na kupanda mboga au majani ya ng'ombe.

Jibu lilitoka Lyamungu tena. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ilianzishwa mwaka 2000 ikiwa mali ya wadau wa zao lenyewe. Inagharamiwa kwa makato ya kahawa inayouzwa, na ilipata pia msaada wa Jumuiya ya Ulaya. Kuanzia mwaka 2005 ilitoa aina mpya zenye ukinzani dhidi ya chulebuni na kutu. Baadhi ya ukinzani huo ulitokana na Mchotara wa Timor, mbuni uliozaliwa wenyewe kwenye kisiwa cha Timor kutokana na arabika na robusta. Kwa kuwa mbegu za aina hizo hazitoi watoto wanaofanana, miche huzalishwa kwa vikonyo au kwa kubebesha. TaCRI haikujifungia kazi hiyo. Vikundi vya wakulima, vyama vya ushirika na halmashauri walipewa mibuni mama, wakafundishwa, wakaanzisha bustani zao na kuzalisha miche vijijini.

Hii ndiyo habari ambayo wanaotetea umiliki wa mbegu huisahau. Wanasema bila haki ya pekee hakuna mtu atakayezalisha aina mpya. Kilimanjaro imezalisha aina mpya tangu miaka ya 1930, zikilipiwa na wakulima kwa pamoja na kuenezwa kwa kuruhusu mikono mingi kuzizalisha.

Mahindi na pakiti ya duka

Chini ya vihamba, tambarare za Hai, Moshi Vijijini, Mwanga na Rombo zina mashamba ya mahindi. Familia ya mlimani hushuka huko msimu wa masika, hupanda mahindi na maharage, kisha hubeba mavuno kurudi juu. Hapa ndipo biashara ya mbegu ilipopata mguu wa kwanza.

Hindi huchavushwa kwa upepo. Hilo liliwapa wazalishaji nafasi ya kutengeneza chotara, yaani mbegu inayotokana na wazazi waliochaguliwa na kutenganishwa. Chotara huzaa sana mwaka wa kwanza. Ukiirudia mwaka wa pili, mimea hutofautiana na mavuno hushuka. Kwa namna hiyo mbegu hujilinda yenyewe hata pasipo sheria, na mkulima hurudi dukani kila msimu. Kitale, Kenya, chotara H611 ilitolewa mwaka 1964, na ndugu zake kama H614 zilivuka mpaka hadi kwenye mashamba yetu. Watafiti wa Tanzania nao walitoa aina ambazo mkulima angeweza kuzirudia. Mwaka 1983 zilitoka Kilima, Staha na Kito, mbegu za uchavushaji huria zilizofaa nyanda tofauti.

Kampuni ya umma ya Tanseed, iliyoanzishwa miaka ya 1970, ndiyo iliyokuwa na jukumu la kuzalisha na kusambaza mbegu nchini. Ilikuwa na matatizo makubwa: mbegu zilichelewa, akiba iliharibika, madeni yalipanda. Soko lilipofunguliwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, kampuni za nje ziliingia, zikiwemo Cargill, Pannar ya Afrika Kusini, Pioneer ya Marekani, SeedCo ya Zimbabwe na Kenya Seed. Maduka ya pembejeo ya Moshi na Arusha yalijaa pakiti za rangi. Mkulima alipata mbegu kwa wakati, na wengi walivuna zaidi. Hilo ni kweli na lazima lisemwe.

Lakini angalia majina hayo yalikwenda wapi. Biashara ya mbegu ya Cargill nje ya Marekani ilinunuliwa na Monsanto mwaka 1998. Pioneer ilinunuliwa na DuPont mwaka uliofuata. Pannar, ambayo mamlaka za ushindani za Afrika Kusini zilikataa mara mbili isiuzwe kwa Pioneer, iliruhusiwa kuuzwa na mahakama ya rufaa mwaka 2012. Dow na DuPont ziliungana mwaka 2017, na kutoka humo ikazaliwa Corteva. Mwaka huo huo Syngenta ilinunuliwa na ChemChina, na mwaka 2018 Bayer ikaimeza Monsanto. Leo kampuni nne, Bayer, Corteva, Syngenta na BASF, zinashika takriban nusu ya soko la mbegu za biashara duniani, na hizo hizo ndizo wauzaji wakubwa wa viuatilifu. Mkulima wa tambarare ya Rombo anayeona majina mengi rafuni anaweza kuwa anachagua kati ya watoto wa nyumba chache.

Sheria zilizotoka mbali

Wazo la kumiliki mmea lilianza mbali nasi. Mwaka 1930 Marekani ilipitisha sheria ya hataza kwa mimea inayozalishwa kwa vipandikizi, na waridi ndilo lililopata hataza ya kwanza mwaka uliofuata. Mwaka 1961 nchi za Ulaya ziliandika mkataba wa UPOV huko Paris, kwa ajili ya kampuni zao na wakulima wao. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu hataza kwa bakteria aliyetengenezwa maabara, na milango ya kumiliki viumbe hai ikafunguka. UPOV ilirekebishwa mwaka 1991, na haki ya mkulima kurudia mbegu, ambayo hapo awali ilikuwa ya kawaida, ikageuzwa kuwa hisani: nchi inaweza kuiruhusu, ndani ya mipaka, kwenye shamba la mkulima mwenyewe, na kwa kuzingatia maslahi ya mwenye aina.

Maharage yanatuonyesha hataza inavyoweza kupotoka. Mwaka 1999 Larry Proctor wa Colorado alipewa hataza ya haragwe la njano aliloliita Enola. Alikuwa amenunua maharage Mexico, akayaotesha na kuyachagua kwa miaka michache. Haragwe la njano lilikuwa likilimwa na kuliwa huko vizazi na vizazi. Kwa hataza yake aliwashtaki waingizaji wa maharage kutoka Mexico, na biashara ya wakulima wa huko ikayumba. Kituo cha CIAT cha Colombia, ambacho kimeshirikiana kwa miaka mingi na watafiti wa maharage wa kaskazini mwa Tanzania, kilipinga kwa kutumia maharage ya njano yaliyokuwa kwenye benki yake ya mbegu. Hataza ilifutwa kabisa mwaka 2009, baada ya miaka kumi. Mama anayeuza maharage ya njano sokoni Moshi hana wakili wa kumtetea kwa miaka kumi.

Tanzania haina hataza juu ya aina za mimea. Ina sheria mbili ambazo mkulima anapaswa kuzitofautisha. Ya kwanza ni Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, inayosimamiwa na TOSCI, taasisi yenye makao Morogoro. Hiyo inataka mbegu inayouzwa iwe imesajiliwa na kuthibitishwa ubora, na lengo lake kubwa ni kuwazuia wauzaji wa mbegu feki. Ya pili ni sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea ya mwaka 2012. Mwaka huo huo Tanzania iliingia katika mpango wa nchi tajiri za G8, ulioitwa Ubia Mpya wa Chakula na Lishe, na kuiweka sheria hiyo sawa na UPOV ilikuwa mojawapo ya ahadi zake. Julai 2015 mataifa ya shirika la haki miliki la kanda ya Afrika, ARIPO, yalikutana Arusha, kilomita 80 tu kutoka Moshi, na kupitisha itifaki ya kulinda aina mpya za mimea kwa mfumo huo huo.

Hakuna sheria ya biashara ya dunia iliyotulazimisha. Shirika la Biashara Duniani lilikuwa limezipa nchi maskini zaidi muda mrefu wa msamaha, na hata nchi zinazobanwa na mkataba wake wa haki za ubunifu zinaruhusiwa kutunga mfumo wa kwao. Mwaka 2000 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliandaa sheria ya mfano iliyoweka haki za wakulima na jamii sambamba na haki za wagunduzi. Ilikuwepo, imeandikwa, na iliachwa kabatini.

Tuwe waangalifu na tunachokihofia. UPOV haimzuii mtu wa Kirua kumpa mwenzake chipukizi la Mchare, kwa sababu Mchare si aina mpya na hauna mwenyewe. Hasara iko kwingine. Ili aina ipate ulinzi lazima iwe mpya, itofautiane na nyingine, ifanane mmea kwa mmea, na isibadilike. Mbegu ya mkulima haina sifa hizo, na haikukusudiwa kuwa nazo: uzuri wa maharage mchanganyiko ya Rombo ni kwamba mvua ikikosekana, baadhi huzaa. Kwa hiyo sheria huutambua mkono wa mwisho tu, yule aliyesafisha aina na kuiandikisha. Mikono mingi iliyoitunza kabla yake haipati chochote. Na aina mpya ikishatoka, hata ikiwa wazazi wake walichukuliwa kwenye mashamba yetu, mkulima hawezi kuizalisha na kumuuzia mwenzake bila ruhusa. Kubadilishana bila fedha kumeachwa kwenye tafsiri za wanasheria. Ukiiongeza Sheria ya Mbegu, ambayo inakataza kuuza mbegu isiyothibitishwa, mbegu ya asili inabaki bila soko halali na mbegu mpya inabaki na soko lenye mwenyewe.

Makutupora, Rombo na Machakos

Ukurasa mwingine uliandikwa mwaka 2008, mradi wa mahindi yanayostahimili ukame, WEMA, ulipoanzishwa. Uliratibiwa na shirika la AATF la Nairobi, ukiwa na Monsanto kama mshirika na fedha kutoka mifuko ya hisani ya Marekani, na Tanzania ilikuwa moja ya nchi tano. Mwaka 2015 serikali ililegeza kanuni iliyokuwa inambebesha mwenye teknolojia dhima yote ya madhara, na mwaka 2016 mahindi ya kwanza yaliyobadilishwa vinasaba yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma. Mradi uliahidi kwamba mkulima mdogo hatalipa mrabaha. Wapinzani, wakiwemo mashirika ya wakulima na ya kilimo hai, walijibu kwamba zawadi yenye hataza inabaki mali ya mtoaji.

Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio yasimame na masalia yake yateketezwe. Januari 2021 Waziri wa Kilimo, Profesa Adolf Mkenda, mbunge wa Rombo, alitangaza kufutwa kwa utafiti huo nchini. Hatukubaliani sote juu ya sayansi ya vinasaba, na si lazima. Lakini uamuzi huo ulionyesha kwamba nchi inaweza kusema hapana.

Kenya ilionyesha jambo jingine. Sheria yao ya mbegu ilifanya kuuza na kubadilishana mbegu isiyothibitishwa kuwa kosa la jinai, lenye kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja za Kenya. Mwaka 2022 wakulima 15 walifungua kesi, na Novemba 2025 Mahakama Kuu mjini Machakos ilitamka kwamba vifungu vilivyowanyima wakulima haki ya kuhifadhi, kubadilishana na kuuza mbegu zao za asili vinakiuka katiba. Wakulima wadogo walisimama mbele ya sheria iliyoandikwa bila wao, na sheria ikarudi nyuma.

Kinachopaswa kufanywa

Mgunduzi wa mbegu anastahili kulipwa. Kazi ya kuchanganya mimea, kupima na kuchagua huchukua miaka mingi, na mlima unaihitaji kuliko wakati wowote: mnyauko unashambulia migomba, mvua zimebadilika, na chulebuni haujaondoka. Watafiti wa taasisi ya kimataifa ya IITA na wa Tanzania wanatafuta Mchare wenye ukinzani, na mwaka 2021 nchi iliidhinisha aina nne za migomba chotara zilizopewa jina TARIBAN. Swali ni kama chipukizi la mgomba wa aina hizo litaweza kwenda kwa jirani kama lilivyokwenda chipukizi la babu.

Historia ya Lyamungu inajibu kwamba linaweza. Mtafiti alilipwa kwa makato ya zao, na mbegu ikabaki ya wote. Mfumo huo unaweza kupanuliwa kwenye ndizi, maharage na mahindi ya uchavushaji huria kama serikali itaviwezesha vituo vyake na kuviwekea sharti kwamba aina zilizozalishwa kwa fedha za umma zisifungwe. Mfumo wa mbegu za kuazimiwa ubora, unaowaruhusu wakulima kuzalisha na kuuza mbegu katika maeneo yao chini ya ukaguzi mwepesi, ufunguliwe kwa aina za asili, na eneo la kuuzia lipanuliwe. Haki ya kuhifadhi, kutumia, kubadilishana na kuuza mbegu ya shambani iandikwe ndani ya sheria za mwaka 2003 na 2012, wala isiachwe kwa hisani ya waziri. Msingi wa kisheria upo: Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea wa mwaka 2001, ambao unazitambua haki za wakulima, na mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulitangaza haki ya mkulima juu ya mbegu katika Azimio la Haki za Wakulima Wadogo.

Wakulima wa mwaka 1925 hawakungoja wapewe ruhusa ya kupanda kahawa. Waliunda chama, wakajifunza kutibu mibuni, wakaenda kwenye baraza wakiwa na mavuno yao kama ushahidi. Vyama vya ushirika vya Kilimanjaro bado vipo, na wanachama wake wanajua kuzalisha miche ya kahawa kwa mikono yao. Hao ndio wanaopaswa kukaa mezani Dodoma sheria hizi zitakapofunguliwa upya, wakidai kwa ajili ya mbegu zote haki ambayo babu zao waliidai kwa ajili ya buni.